Bonde la Kilombero na Fadhila ya Busara



Kila frateri wa falsafa anajua kwamba Mtakatifu Tomaso wa Akwino anaiweka busara mbele ya fadhila nyingine za kiutu, kama dereva anayeshika usukani. Anaigawa katika sehemu nane. Ya kwanza ni kumbukumbu. Nyingine ni utayari wa kufundishwa na wengine, hasa wazee na wenye uzoefu. Nyingine ni kuona mbele, ambayo kwa Kilatini inaitwa providentia, neno lile lile tunalolitumia tukizungumzia Maongozi ya Mungu. Wengi wetu tunazikariri sehemu hizi nane kwa ajili ya mtihani, tunapata alama, tunazisahau. Mimi nataka kuzichukua tatu kati ya hizo na kuzitoa nje ya darasa hadi Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, kwa sababu naona hapo ndipo zinapohitajika kuliko katika karatasi ya mtihani.

Kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge limelala bonde tambarare ambalo kila masika sehemu yake kubwa hugeuka ziwa, na kiangazi hugeuka malisho. Mwaka 2002 nchi yetu iliandikisha bonde hili katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, yaani orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Eneo lililoandikishwa ni kilomita za mraba 7,967. Humo anaishi sheshe, swala mwekundu wa majani marefu, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya sheshe wote waliobaki duniani ilikuwa hapa. Yumo pia mnana wa Kilombero, ndege mdogo ambaye wanasayansi walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1990 na ambaye hapatikani penginepo. Zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji hutoka Kilombero, na maji hayo ndiyo yanayoingia katika Bwawa la Julius Nyerere lililojengwa kutoa megawati 2,115. Kwa hiyo hata taa ya sakristia kule Dar es Salaam ina undugu na matete ya Kilombero, ingawa padre anayeiwasha huenda hajawahi kuliona bonde lenyewe.

Humo wanaishi watu pia. Wandamba walivua samaki katika maji haya kabla hakujawa na bikoni hata moja. Wapogoro, Wambunga na Wabena wamelima mpunga, na baadaye wakaja Wasukuma, Wamasai na Wabarbaig na mifugo yao. Wengi wao ni waamini wetu. Jimbo la Ifakara lilizaliwa mwaka 2012 kutoka Jimbo la Mahenge, na vigango vyake kadhaa viko karibu na mbuga kiasi kwamba kengele ya Misa na sauti ya kiboko husikika asubuhi moja. Nasema haya ili msomaji asidhani nazungumzia pori lisilotuhusu sisi watu wa Kanisa.

Sheria zetu za ardhi za mwaka 1999 zinasema kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais anaishikilia kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Inagawanyika katika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Neno "mdhamini" ni zito kwa mwanafalsafa. Mdhamini si mmiliki. Ameshika cha mwenzake, na siku moja atatoa hesabu. Wenye kitu ni sisi, na si sisi tulio hai tu. Papa Fransisko katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015 anafundisha kwamba manufaa ya wote yanavihusu pia vizazi vijavyo, na kwamba mshikamano na vizazi hivyo ni suala la haki, si la hiari. Hapo ndipo mpango wa muda mrefu unapopata uzito wa kimaadili. Mpango wa usimamizi wa hifadhi ni barua inayoandikwa kwa watu ambao bado hawajabatizwa.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, inataka maeneo ya wanyamapori yaongozwe na mipango ya namna hiyo. Kwa kawaida mpango hudumu miaka kumi. Unaligawa eneo katika kanda: hapa ni kiini, hakuna mtu kuingia ila askari na mtafiti, hapa ni utalii wa picha, hapa ni uwindaji wa kitalii, hapa wavuvi wataruhusiwa kwa vibali na kwa miezi fulani. Unasema mapato yataenda wapi, moto utawashwa lini na nani, na bikoni zitasimama wapi. Ni kitabu kikubwa chenye ramani na majedwali, na nina hakika kwamba kati ya watu mia wanaoguswa nacho, hakuna watano waliokiona.

Sasa nianze na kumbukumbu.

Kwa miongo mingi, tangu enzi za ukoloni, Kilombero lilikuwa pori tengefu. Maana yake kisheria ilikuwa kwamba kuwinda kulidhibitiwa, lakini mtu aliruhusiwa kuishi, kulima na kuchunga. Watu waliishi, serikali iliandikisha vijiji, shule zikajengwa, na sisi tukajenga vigango. Kisha sheria ile ya 2009 ikaja kukataza kilimo na malisho katika mapori tengefu. Mkulima aliyekuwa amelala mkazi halali akaamka mvamizi, na hakuwa amehama hata hatua moja. Sheria hiyo hiyo ilimwagiza waziri aipitie orodha ya mapori tengefu ndani ya miezi kumi na miwili ili kusiwe na ardhi ya kijiji ndani yake. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi. Mwaka 2012 ilifanyika operesheni ya kuondoa mifugo bondeni. Hatimaye, mwaka 2023, eneo lilipandishwa hadhi na kuwa Pori la Akiba, ambapo makatazo ni makali zaidi.

Simlaumu ofisa yeyote kwa jina, wala sisemi kwamba kupandisha hadhi kulikuwa kosa. Ninachosema ni kwamba mpango wa miaka kumi ijayo ukiandikwa kana kwamba historia hii haikutokea, utakuwa mpango usio na sehemu ya kwanza ya busara. Mzee ambaye aliwahi kuambiwa "kaa" na baadaye "toka", na ofisi ya serikali ile ile, hawezi kuamini karatasi ya tatu kwa sababu tu ina rangi nzuri.

Kuna kumbukumbu nyingine inayohitaji kufunguliwa. Wafugaji wengi waliingia Kilombero wakitokea wapi? Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu na Ihefu, kwa sababu ya haki kabisa: Mto Ruaha Mkuu, ambao zamani haukuwahi kukauka, ulikuwa unakatika kila kiangazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Usangu ikaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008. Sawa. Lakini ng'ombe hawayeyuki. Walitembea. Wengine wakafika Lindi, wengine Rufiji, wengine Kilombero. Kilichoandikwa Usangu kama mafanikio kikaandikwa Kilombero kama uvamizi. Huu ndio ubaya wa kupanga hifadhi moja moja: kila meneja anafagia chumba chake na kusukuma taka sebuleni. (Wanangu wa ufugaji wanisamehe mfano huu; taka ni tatizo, si wao.) Mpango wa kweli wa muda mrefu lazima uulize swali ambalo ramani ya hifadhi haina nafasi ya kulijibu: huyu tunayemwondoa anakwenda wapi, na huko anakokwenda kuna nini?

Kutoka kumbukumbu nakwenda kwenye kuona mbele, na hapa nitamtetea sheshe, kwa sababu najua baadhi ya wasomaji wameshaanza kuguna.

Pingamizi ni hili, na nimelisikia hata kwa watu wa altare: mtoto mwenye njaa ni bora kuliko swala elfu moja, basi bonde lilimwe. Sehemu ya kwanza ya sentensi hiyo ni kweli na ni imani yetu. Sehemu ya pili haifuati. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12.3, ile ya 2022 ilihesabu milioni 61.7. Hakuna ekari za Kilombero zitakazotosha kuifuata hesabu hiyo ikiwa jibu letu la pekee ni kufungua shamba jipya. Bonde lote likilimwa hadi ukingo wa mto, miaka michache ya kwanza tutavuna mpunga mwingi. Baada ya hapo mafuriko yatakosa mahali pa kutanda na kutua, kambale na perege watakosa mahali pa kuzaliana, na mchanga utaanza safari yake kuelekea bwawani. Wa kwanza kuumia hatakuwa mwekezaji mwenye trekta, kwa sababu yeye ana mahali pengine pa kwenda. Atakuwa mvuvi mwenye mtumbwi na mama mwenye ekari mbili. Kumtetea sheshe, kwa hesabu ya miaka hamsini, ni kumtetea huyo mama. Ila tatizo ni kwamba yeye anaishi kwa hesabu ya msimu huu, na hilo si ujinga, ni umaskini.

Tena, kiumbe kina thamani yake hata kabla hatujahesabu faida. Mtakatifu Tomaso anafundisha kwamba Mungu aliumba viumbe wengi na tofauti kwa sababu wema wake ni mkubwa mno kuoneshwa na kiumbe kimoja. Kinachokosekana kwa huyu kinaonekana kwa yule. Pale pale kwenye ukingo wa Udzungwa, kwenye maporomoko ya Mto Kihansi, alikuwapo chura mdogo wa rangi ya dhahabu, mdogo kuliko kidole gumba, aliyeishi katika manyunyu ya maporomoko hayo tu na si penginepo duniani. Alitambuliwa mwaka 1996, wakati mradi wa umeme wa megawati 180 ulikuwa tayari unajengwa. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yalipungua sana. Mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa hadi Marekani kutunzwa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2009 ilitangazwa rasmi kwamba chura wa Kihansi ametoweka katika asili, na mwaka 2012 wajukuu wa wale waliosafiri wakaanza kurudishwa nyumbani.

Watu huicheka habari hii: chura kupanda ndege! Mimi siicheki. Umeme wa Kihansi tuliuhitaji, na hakuna anayetaka kuuzima. Lakini hesabu ya gharama ingekuwa nyingine kabisa kama aliyetafuta viumbe wa mahali pale angetumwa miaka kumi kabla ya tingatinga. Kujua kulikuja baada ya kuamua. Ndiyo maana Laudato si' inasisitiza kwamba tathmini ya mazingira ifanyike mwanzoni, pamoja na wenyeji, na si mwishoni kwa ajili ya kukamilisha jalada.

Na kuona mbele hakutoshi ikiwa anayeona ni mmoja. Mwaka 1976 tembo wa eneo la Selous walihesabiwa kufikia takriban 109,000. Mwaka 2013 walikuwa wamebaki takriban 13,000, na mwaka 2014 UNESCO ikaiweka Selous kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Mipango ilikuwapo miaka yote hiyo. Bunduki zilikuwapo, mipaka ilikuwapo, wafadhili walikuwapo. Meno ya tembo yalitoka porini yakapita vijijini, barabarani na bandarini, mbele ya macho ya watu wengi walioamua kwamba jambo hili si lao. Aristotle aliliona zamani katika kitabu chake cha siasa: kilicho cha wengi mno hutunzwa kidogo mno, kwa sababu kila mmoja anadhani mwingine anakitunza. Waswahili wamelisema kwa ufupi zaidi, kwamba mali ya umma haina mwenyewe.

Wapo wanaolichukua wazo hilo la Aristotle na kusema: basi ardhi igawiwe watu binafsi, au ifungwe kwa bunduki. Lakini kuna njia ya tatu, na ilichunguzwa kwa miaka mingi na Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009. Alifuatilia malisho, misitu, mifereji na maeneo ya uvuvi yanayomilikiwa kwa pamoja katika nchi mbalimbali, akaona kwamba mengine yamedumu karne kadhaa bila kuharibika. Yaliyodumu yalifanana katika mambo fulani: mipaka inayojulikana, kanuni ambazo watumiaji wenyewe walishiriki kuzitunga, walinzi wanaowajibika kwa watumiaji hao, na adhabu zinazoanza ndogo na kukua kadiri mtu anavyorudia kosa. Sisi katika Mafundisho Jamii ya Kanisa tunaiita kanuni auni: kinachoweza kufanywa na jumuiya ya chini, ya juu isikinyang'anye, bali ikisaidie. Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori ambazo vijiji vyetu vilianza kuziunda baada ya sera ya mwaka 1998 zilikuwa jaribio la kanuni hiyo hiyo, hata kama waliozibuni hawakulitumia neno letu. Zingine zimedhoofu kwa sababu mapato hufika kijijini yakiwa yamechoka, baada ya kupita ofisi nyingi.

Likizo iliyopita nilipelekwa uchungaji katika parokia moja iliyopakana na eneo la wanyama. Mama mmoja wa WAWATA alinichukua kuniona dungu lake, lile jukwaa la miti ambalo hukaa usiku kulinda mpunga. Chini yake mpunga ulikuwa umelala kama mkeka, na nyayo za tembo zimejaa maji. Nikamuuliza kama amelipwa. "Frateri," akaniambia, "wanasema watatoa kifuta jasho. Mimi sikutoka jasho. Mimi nililima."

Sikuwa na jibu pale, na nimeendelea kulifikiria neno hilo. Serikali hailipi fidia kwa mazao yaliyoliwa na wanyama. Inatoa kifuta jasho, na kwa aliyejeruhiwa au kuuawa, kifuta machozi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa kifo cha mtu. Kwa mazao hazikuzidi shilingi 100,000 kwa ekari, tena kwa ekari zisizozidi tano, na shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikupata kitu. Majina haya hayakuchaguliwa kwa bahati. Fidia ni haki: unadai, na usipopewa unakwenda mahakamani. Kifuta jasho ni huruma, na huruma haina tarehe ya mwisho ya kulipwa. Kanisa limefundisha tangu nyakati za Mababa kwamba kile ambacho mtu anadai kwa haki hakipaswi kutolewa kwake kana kwamba ni sadaka. Ikiwa tembo ni wa umma, hasara yake ni ya umma. Sasa hivi taifa zima linapata sifa na fedha za tembo, na bili inapelekwa kwenye dungu la mama mmoja.

Huko huko Kilombero kuna dalili kwamba mambo yanaweza kwenda vingine. Pembezoni mwa Udzungwa, eneo la Mang'ula, kuna vijiji vilivyotundika mizinga ya nyuki kwenye uzio wa mashamba, kwa sababu tembo anamwogopa nyuki kuliko anavyoogopa kelele za mabati, na asali inauzwa. Eneo hilo hilo wakulima walikubali kuachia vipande vya mashamba yao, kwa kulipwa, ili tembo wapate ushoroba kutoka milimani kuelekea upande wa Nyerere, na chini ya barabara pakajengwa njia yao ya kupita. Mkulima aliyeulizwa, akakubali na akalipwa, ni mlinzi wa ushoroba bila kuajiriwa. Mkulima aliyeamka akakuta bikoni katikati ya mpunga wake ni kitu kingine.

Mafrateri wenzangu watakumbuka habari ya Yosefu kule Misri. Kila padre akihubiri kuhusu kupanga anamtaja: miaka saba ya shibe, miaka saba ya njaa, maghala, watu wakapona. Ni mfano mzuri wa kuona mbele. Lakini mara nyingi tunafunga kitabu kwenye sura ya 41 ya Mwanzo. Ukifika sura ya 47 unakuta kwamba chakula kile kile kiliuzwa kwa watu, kwanza kwa fedha zao, kisha kwa mifugo yao, na mwishowe kwa ardhi yao na nafsi zao, hadi Misri yote ikawa ya Farao. Mpango ulifanikiwa na watu wakawa watumwa. Na kuna aya moja ndogo hapo ambayo sisi tunaojiandaa kwa daraja takatifu tungefaa kuisoma tumepiga magoti: ardhi ya makuhani haikununuliwa. Wao walikuwa na posho yao kwa Farao.

Naitaja kwa sababu si vigumu kwa Kanisa kusimama pembeni ya mgogoro wa bonde. Misheni zina hati zao. Mashamba ya parokia yana mipaka yake, na ofisa wa wanyamapori akija anakaribishwa chai. Ikiwa tunawaomba wakulima waachie ushoroba, tuangalie kwanza kama mitiki yetu na mashamba yetu hayajaukalia.

Nini kifanyike, basi? Nina mambo machache ninayoyaona yanawezekana bila kusubiri bajeti.

La kwanza ni lugha. Mipango mingi ya hifadhi huandikwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mpango unaoamua kama mtu atavua au hatavua hauna udhuru wa kubaki katika lugha asiyoisoma. Kabla haujasainiwa, usomwe kwa Kiswahili katika mkutano mkuu wa kijiji, ramani ikiwa ukutani, na maswali ya watu yaandikwe pamoja na majibu. Katiba yetu, ibara ya 27, inamwajibisha kila mtu kulinda maliasili na mali ya umma. Siwezi kuwajibika kulinda ambacho sijaelezwa.

La pili: kiini cha bonde kisiguswe. Hapa natofautiana na waamini wengi ninaowapenda. Zile sehemu ambazo mto hutanda na sheshe huzaliana zikae bila jembe na bila zizi, kwa miaka kumi hii na ile inayofuata, hata akija mwanasiasa wakati wa uchaguzi na kuahidi kuzifungua. Ahadi za namna hiyo huwa ni mkopo ambao mjukuu analipa. Lakini ukali huo wa katikati unaweza kuhalalishwa tu na haki pembezoni: mipaka iliyopimwa pamoja na wanakijiji, vibali vya uvuvi visivyouzwa mjini, na malipo ya mazao yenye kiwango kinachofanana na thamani ya gunia na yenye tarehe. Ukichukua nusu ya kwanza ukaacha ya pili, utahitaji askari wengi kuliko tembo.

La tatu linatuhusu sisi moja kwa moja. Kanisa lina kitu ambacho miradi mingi haina: vitabu vinavyodumu. Mradi wa mfadhili huisha baada ya miaka mitano na magari yakagawiwa, lakini daftari la ubatizo la mwaka wa babu bado liko kabatini. Kwa nini kigango kilicho pembezoni mwa hifadhi kisiwe na daftari moja zaidi? Tarehe, shamba la nani, mnyama gani, ekari ngapi, taarifa ilipelekwa kwa nani, na jibu lilikuja lini. Katekista anaweza kuliandika, na Tume ya Haki na Amani ya parokia ikalipitia kila robo mwaka. Siku wataalamu watakapokuja kuupitia mpango, mwenyekiti wa kijiji hatasema "tembo wametusumbua sana", maneno ambayo hayana uzito mbele ya majedwali. Atafungua daftari.

Na kwa parokia za zamani kuna hazina nyingine. Wamisionari waliandika kronika ya nyumba: mvua ilianza lini, mto ulifika wapi, nzige, njaa, simba waliokula watu, mwaka ambao samaki walikosekana. Wanasayansi wa maji wanatafuta kumbukumbu za namna hiyo kwa gharama kubwa, na huenda ziko chini ya makopo ya rangi katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mapadre, zikiliwa na mchwa. Mapadre na makatekista wa parokia za bondeni na za Mahenge, ambao najua baadhi yenu mnalisoma jarida hili, nawaomba mfungue hayo makabati. Mkiikuta kronika, msiipeleke popote bila ruhusa ya paroko. Piga picha kurasa zinazotaja mto na wanyama, na mtuandikie kupitia kwa mhariri. Mafrateri wawili wanaojua Kijerumani cha kusoma tayari wamejitolea kusaidia kutafsiri.